Chaji itatulia wapi? Namna ya kupima msawazo bila kusahau juu na chini

Swali lenyewe huja hivi. Chaji mbili chanya zimefungwa mezani, moja ya mikrokulombu 4, nyingine ya mikrokulombu 1, na umbali kati yake ni sentimita 30. Onyesha mahali ambapo chaji ya tatu, chanya, ya mikrokulombu 1, ikiwekwa haitasukumwa popote. Mwanafunzi anapiga hesabu, anapata, anapigia jibu mstari. Kisha kinakuja kipengele (b): je, msawazo huo ni thabiti? Hapo kalamu zinaanza kubahatisha.

Nimefundisha fizikia kidato cha tano na cha sita kwa miaka kumi na tisa, sita ya kwanza Tanga na mingine yote Dodoma, na kipengele (b) ndicho kilichonifanya niandike haya. Mwaka juzi mwanafunzi aliniletea kitini cha maswali yaliyokwisha kufanywa, kimetolewa fotokopi mpaka herufi zimefifia. Ndani yake mlikuwa na swali la chaji nne zinazolingana, kila moja kwenye pembe ya mraba, na ya tano katikati. Jibu liliandikwa hivi: msawazo ni thabiti kwa sababu chaji imezingirwa pande zote. Nilikaa nacho ofisini jioni nzima. Kilichoniuma ni kwamba sababu ile inaingia akilini kirahisi mno, na kitu kinachoingia kirahisi hivyo kinakaririwa na darasa zima kabla ya mwalimu kujua.

Jibu sahihi ni hapana. Na si kwa mraba huo peke yake. Panga chaji zilizotulia utakavyo, ziwe mbili au milioni, hutapata mpangilio utakaoishika chaji nyingine ielee katika nafasi tupu, imetulia, kwa kani za umeme tuli pekee. Nitaeleza jinsi ya kulipima jambo hili mwenyewe kwa hesabu nyepesi, jinsi ya kulionyesha darasani kwa bomba la maji na gololi, kisha milango ambayo wataalamu waliipata walipotaka kuishika chaji kweli.

Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Darasani tunafundisha kwa Kiingereza, lakini nikipita kati ya madawati wakati wa kujadiliana, kile mwanafunzi alichokielewa kweli nasikia anamweleza mwenzake kwa Kiswahili.

Kwanza tenganisha maswali mawili

Msawazo ni swali la kwanza: kani zote zimekatana, jumla yake sifuri, chaji haina sababu ya kwenda popote. Uthabiti ni swali la pili kabisa: nikiigusa kidogo, itarudi au itaondoka?

Chukua gololi na bakuli. Gololi iliyo ndani ya bakuli ukiisukuma inarudi chini. Pindua bakuli, weka gololi juu ya kitako chake: unaweza kuisimamisha kwa subira, ila pumzi ya mtu inatosha kuiangusha. Iweke sakafuni kwenye tailizi: popote ukiiacha inakaa. Vitabu vingi vinaishia hapo kwa mifano mitatu, na nadhani hilo ndilo chanzo cha tatizo, maana umbo tunalolihitaji ni la nne. Tandiko la punda. Weka gololi katikati ya tandiko. Ukiisukuma kuelekea shingoni au mkiani inapanda kidogo na kurudi. Ukiisukuma kuelekea ubavuni inateremka na hairudi tena. Aliyeijaribu kwa mbele na nyuma tu ataapa kwamba ni thabiti.

Umeme tuli unatupa matandiko na, mara chache, sakafu. Bakuli haimo.

Hatua ya kupata mahali penyewe

Sehemu hii wengi wanaiweza, nitapita haraka. Chaji zote mbili ni chanya, hivyo mahali pa msawazo pako kati yake, kwenye mstari unaoziunganisha. Kani hupungua kwa mraba wa umbali; chaji yenye ukubwa mara nne lazima iwe mbali mara mbili. Gawa sentimita 30 kwa uwiano wa mbili kwa moja: sentimita 20 kutoka kwenye chaji kubwa, sentimita 10 kutoka kwenye ndogo. Hakikisha kwa kanuni ya Coulomb (zidisha chaji mbili, zidisha kwa 9 × 10⁹ kama kawaida, gawa kwa mraba wa umbali). Chaji kubwa inasukuma kwa niutoni 0.9. Chaji ndogo inasukuma upande wa pili kwa niutoni 0.9. Zimekatana.

Sasa sukuma, na usukume mara tatu

Hapa ndipo penye kazi. Isogeze chaji ya katikati kwa milimita 1 tu, kwanza kufuata mstari, halafu kushoto au kulia mezani, halafu juu. Mara tatu, hata kama unaona dhahiri itakavyokuwa. Mara ya tatu ndiyo inayosahaulika, kwa sababu karatasi haina juu.

Kabla ya kuanza, shika mambo mawili kuhusu kani inayopungua kwa mraba wa umbali. Ukiikaribia chaji kwa asilimia 1 ya umbali, kani yake inaongezeka kwa asilimia 2. Ukiiacha kwa asilimia 1, inapungua kwa asilimia 2. Hilo ni la kusogea kwenye mstari. Ukisogea pembeni kwa asilimia 1 ya umbali, ukubwa wa kani haubadiliki kwa kiasi cha kuhesabika. Kinachobadilika ni mwelekeo, unaoinama kidogo kukufuata, na sehemu inayokusukuma nje ni asilimia 1 ya kani yote. Ukiwa na haya mawili huhitaji kalikulasi.

Kwenye mstari: isogeze milimita 1 kuelekea chaji ndogo. Umbali ulikuwa milimita 100, kwa hiyo umeikaribia kwa asilimia 1. Kani yake inapanda kwa asilimia 2, kutoka 0.9 hadi 0.918. Kwa chaji kubwa umbali ulikuwa milimita 200, hivyo umeiacha kwa nusu asilimia. Kani yake inashuka kwa asilimia 1, kutoka 0.9 hadi 0.891. Tofauti ni niutoni 0.027, na inaelekea ulikotoka. Inarudi. Hapa ndipo wengi wanapoweka kalamu chini na kuandika "thabiti".

Pembeni: irudishe katikati, kisha isogeze milimita 1 kushoto. Chaji ndogo inaisukuma nje kwa asilimia 1 ya 0.9, yaani 0.009. Chaji kubwa, iliyo mbali mara mbili, inaisukuma nje kwa nusu asilimia, yaani 0.0045. Jumla ni niutoni 0.0135, kuelekea nje. Hairudi. Itaendelea kuondoka, na kadiri inavyoondoka ndivyo inavyozidi kusukumwa.

Juu: hesabu ni ile ile ya pembeni. Niutoni 0.0135 kuelekea nje.

Sasa ziweke tarakimu tatu pamoja. Kwenye mstari inarudishwa kwa 0.027. Pembeni inatolewa kwa 0.0135. Juu inatolewa kwa 0.0135. Na 0.0135 mara mbili ni 0.027 kamili. Kila mwaka nikifika hapa ubaoni nanyamaza kidogo, kwa sababu daima kuna mwanafunzi mmoja anayeinua kichwa na kuuliza, "Madamu, imetokea tu au ndivyo ilivyo?"

Ndivyo ilivyo, na sababu umeshaishika. Kila chaji iliyofungwa, peke yake, inaandika mambo matatu kwenye daftari: kwenye mstari wake inarudisha mbili, na kwenye kila moja ya pande mbili za kukingama inatoa moja. Mbili kuingia, moja na moja kutoka. Jumla sifuri. Ongeza chaji ya pili, ya tatu, ya mia. Kila moja inaleta ukurasa wenye jumla ya sifuri, na kurasa zenye sifuri ukizijumlisha unapata sifuri. Ili chaji iwe thabiti unahitaji irudishwe pande zote tatu, na namba tatu zote za kurudisha haziwezi kujumlishwa zikawa sifuri. Lazima upande mmoja angalau ulipie.

Ile "mbili" inatoka kwenye mraba wa umbali katika kanuni ya Coulomb. Ile "moja na moja" inatoka kwenye pande mbili za kukingama ambazo nafasi tunayoishi inazo. Kama kani ingepungua kwa namna nyingine, daftari lisingefunga sifuri. Nikiulizwa kitu gani kwenye mada nzima ya umeme tuli ningependa mwanafunzi aondoke nacho, nitataja hiki.

Mtu akibadilisha chaji ya katikati ikawa hasi? Alama zote zinageuka. Pembeni na juu sasa inarudi, kwa sababu chaji zote mbili zinaivuta kuelekea kwenye mstari. Lakini kwenye mstari wenyewe inakimbia, ikiegemea kidogo upande mmoja inavutwa huko mpaka igonge. Mlango umehama, haujafungwa.

Mraba, na kijana aliyeleta mchemraba

Rudi kwenye kitini. Chaji nne kwenye pembe za mraba, ya tano katikati, zote chanya. Tumia daftari. Sukuma kuelekea pembe moja: chaji mbili zilizo kwenye mstari huo zinarudisha mbili mbili, jumla nne, mbili nyingine ziko pembeni, zinatoa moja moja, jumla mbili. Inabaki mbili ya kurudisha. Kuelekea pembe ya pili ni hivyo hivyo. Kwa hiyo mezani chaji kweli imezingirwa, mwandishi wa kitini hakuwa na macho mabovu. Lakini inua chaji kutoka mezani: zote nne ziko pembeni, kila moja inatoa moja, jumla nne kuelekea juu. Inaruka kama mtama kwenye kikaango.

Nilipomaliza kueleza hivyo, kijana mmoja wa mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) alikataa. Alisema mraba una mlango juu na chini kwa sababu hukuweka kitu juu na chini. Weka chaji nane, kwenye pembe za mchemraba. Kesho yake alikuja nao, ameutengeneza kwa mishikaki na vipande vya udongo, na gololi imening'inizwa katikati kwa uzi. Akauweka mezani kwangu bila kusema neno.

Nauheshimu mchemraba ule mpaka leo, kwa sababu unaikomesha njia yangu ya asilimia. Ukifanya hesabu ya daftari kwa pembe nane, kila upande unapata sifuri: hairudishwi, haitolewi. Kwa msogeo mdogo inaonekana kama sakafu ya tailizi. Inabidi usogee zaidi, uhesabu kani zenyewe bila kukadiria, ndipo unaona: kuelekea pembe inarudishwa, kuelekea katikati ya uso wa mchemraba inatoka. Nyuso ziko sita, na milango ni sita. Nilimwambia aweke kidole chake kwenye uso mmoja wa ule mchemraba, ajiulize kati ya mishikaki ile nini kinakizuia. Akacheka, akakubali, lakini akataka sababu moja itakayofunga mjadala hata kwa pembe elfu.

Sababu hiyo ipo, na inatumia kanuni ya Gauss, inayosema mistari ya uga wa umeme haianzi wala kuishia penye nafasi tupu bali kwenye chaji. Fikiria beseni la maji. Ukiona maji yanatiririka kutoka pande zote kuelekea nukta moja, na hapo hayajai, unajua pana tundu. Sasa, ili chaji chanya iwe thabiti mahali fulani, uga wa umeme kuzunguka mahali hapo, yaani mwelekeo ambao chaji chanya ingesukumwa, lazima uelekee ndani kutoka kila upande, ndipo ikisogea popote isukumwe kurudi. Mistari ya uga inayoingia kutoka kila upande lazima iishie kwenye chaji hasi. Hilo ndilo tundu lake. Lakini tumesema nafasi ni tupu, hakuna chaji nyingine hapo. Hakuna tundu, basi mistari inayoingia lazima itoke upande mwingine, na kule inakotokea ndiko chaji yako itakakotokea. Haijalishi umepanga chaji ngapi nje, wala kwa ufundi gani.

Aliyelithibitisha jambo hili ni Samuel Earnshaw, kasisi na mwanahisabati wa Sheffield, Uingereza, katika makala iliyochapishwa mwaka 1842. Alikuwa akichunguza etha, kitu ambacho wanasayansi wa wakati wake waliamini kinajaza anga na kubeba mwanga, akitaka kujua chembe zake zingekaaje mahali pake kama zinashikana kwa kani inayopungua kwa mraba wa umbali. Akaona haziwezi kukaa. Etha ilikuja kuachwa. Hesabu ya Earnshaw imebaki, na ndiyo hiyo unayoifanya kwenye kipengele (b).

Kuonyesha darasani

Unahitaji bomba la maji la PVC la kama nusu mita, sweta kuukuu la sufi, na mfuko wa nailoni laini wa kufungia mkate. Kata mkanda wa duara kutoka kwenye mfuko, upana wa vidole viwili, usikate ukawa utepe; ubaki pete.

Hali ya hewa ni nusu ya jaribio. Nikiwa Tanga nilishindwa kulifanya msimu mzima wa masika, mpaka nikawa nalidhania ni la vitabuni tu. Hewa yenye unyevu huacha tabaka jembamba la maji juu ya plastiki, na chaji inavujia humo kabla hujamaliza kusugua. Dodoma mwezi wa Julai, hewa kavu, nywele zenyewe zinasimama ukivua sweta. Kama uko pwani, fanya siku kavu, anika vifaa juani kwanza, na usivishike kwa mikono yenye jasho.

Laza pete mezani, isugue kwa sweta mara ishirini hivi. Sugua bomba vilevile. Vyote viwili hubaki na chaji hasi, kwa hiyo vinafukuzana. Mwombe mwanafunzi airushe pete juu, wewe uweke bomba chini yake. Pete itafunguka ikawa mviringo, kwa sababu kila sehemu yake inaifukuza nyingine, na itaelea juu ya bomba. Darasa litapiga kelele. Waache wapige.

Wakitulia, sema: sasa nalishika bomba bila kulitikisa, hesabuni. Pete itateleza pembeni na kuanguka. Wima imeshikwa vizuri: ikishuka inasukumwa zaidi, ikipanda uzito unairudisha. Ubavuni hakuna kitu. Rudia, safari hii ukiifuata pete kwa mkono, bomba likienda inakoelekea. Itaelea muda mrefu sana. Waulize nani sasa anaishikilia. Ni macho yako na mkono wako, vinavyosahihisha kila mara. Chaji zilizotulia zimeshindwa, na wameziona zikishindwa.

Mwanafunzi makini atauliza kama uzito haujavunja kanuni, kwa kuwa umeongezwa mvutano wa dunia. Haujavunja. Mvutano wa dunia nao hupungua kwa mraba wa umbali, na ukurasa wake kwenye daftari una jumla ya sifuri vilevile. Hewa nayo inachelewesha kuanguka tu. Kuchelewa si kurudi.

Milango ya kutokea

Wa kwanza hauhitaji maelezo mengi. Pitisha uzi kwenye ushanga wenye chaji chanya, uukaze uzi kati ya chaji mbili chanya: ushanga utatulia katikati, kwa sababu uzi umeukataza kwenda pembeni na juu. Maswali mengi ya mitihani husema "chaji inaweza kusogea kwenye mstari huu tu". Hapo jibu linabadilika likawa thabiti, na ndiyo maana nasisitiza swali lisomwe mpaka nukta ya mwisho.

Wa pili ni kuvunja lile sharti la nafasi tupu. Elektroni iliyo ndani ya wingu la chaji chanya lililosambaa sawasawa huvutwa kuelekea katikati kutoka kila upande, maana tundu sasa lipo, limetapakaa kote. Hivyo ndivyo J. J. Thomson alivyoiwaza atomu mwaka 1904. Lakini Rutherford mwaka 1911, akitumia vipimo vya Geiger na Marsden, alionyesha kwamba chaji chanya imerundikana kwenye kiini kidogo mno. Wingu likaondoka, na pamoja nalo uwezekano wa elektroni kukaa zimetulia mahali. Earnshaw alikuwa ameshaufunga mlango huo miaka karibu sabini nyuma. Kinachozifanya atomu zisimame ni sheria za kwantamu, zinazotawala vitu vidogo mno kama elektroni, mada ya muhula mwingine.

Wa tatu ndio ninaoupenda. Kanuni inazungumzia uga uliotulia. Basi usiuache utulie. Rudi kwenye tandiko: gololi inataka kuteremka ubavuni. Zungusha tandiko robo duara haraka, na pale palipokuwa na ubavu unaoteremka sasa pana mwinuko. Inarudi, inaanza kuteremka upande mwingine, nako unakuta mwinuko umeshafika. Ukizungusha kwa mwendo wa kutosha, gololi haipati muda wa kutoroka.

Tulitengeneza tandiko hilo kwa magazeti yaliyolowekwa kwenye uji wa unga, tukayakausha juu ya kinyago cha udongo. Nusu kipenyo chake sentimita 10. Mbele na nyuma pamepanda sentimita 2 kutoka usawa wa katikati, ubavuni pameshuka sentimita 2. Ulainishe uso kwa msasa mpaka kidole kisihisi kipele. Tulirudia mara tatu, na kila kipele kilichobaki kiliitupa gololi nje. Kisha chukua gurudumu la baiskeli, libane ekseli yake wima kwenye jiliwa, funga ubao wa plaiwudi wenye tundu katikati juu ya spoki kwa waya, na tandiko juu ya ubao, katikati ya tandiko pakiwa sawa kabisa na ekseli. Kwa vipimo hivi hesabu inasema mzunguko mmoja kwa sekunde ndio mpaka, ukichukulia kitu kinachoteleza bila msuguano. Zungusha zaidi kidogo ya hapo, weka gololi katikati kwa vidole viwili, achia. Mara ya kwanza kufanikiwa darasa lilihesabu mpaka kumi na nne kabla haijatoka, na msichana aliyekuwa akizungusha gurudumu alikuwa amefumba macho.

Wolfgang Paul wa Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, alifanya hivyo kwa ayoni, yaani atomu zenye chaji, katika miaka ya 1950: akageuza volti za vipitishi vinavyozizunguka mamilioni ya mara kwa sekunde, tandiko la umeme likawa linapinduka-pinduka, na ayoni zikakaa. Mwaka 1989 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Hans Dehmelt na Norman Ramsey, na katika hotuba yake alionyesha mpira mdogo juu ya tandiko linalozunguka, jaribio hilo hilo la gurudumu letu. Mitego ya aina yake imeshika hadi ayoni moja peke yake. Mwaka 1980 huko Heidelberg, Dehmelt akiwa miongoni mwa watafiti, ilipigwa picha ya ayoni moja ya bariamu iking'aa. Njia nyingine, aliyoitumia sana Dehmelt, ni kuacha uga wa umeme utulie lakini kuongeza uga mkali wa sumaku, ambao huipinda chembe inayotoka iwe inazunguka badala ya kwenda. Tahadhari moja kwa walimu wenzangu: usijaribu kutengeneza mtego wa Paul kwa umeme wa nyumbani na transfoma ya kuokota. Tandiko la magazeti linatosha, na halijaua mtu.

Kwa mazoezi, chukua swali lile la mwanzo lakini zifungue chaji zote tatu, hakuna iliyobanwa mezani. Ya katikati iwe hasi, mahali pale pale, sentimita 20 na 10, na ukubwa wake utafute mwenyewe ili zote tatu ziwe kwenye msawazo kwa pamoja. Utapata nne juu ya tisa ya mikrokulombu. Kisha isogeze hiyo ya katikati milimita 1 kuelekea chaji ndogo, nyingine zikiwa bado hazijasogea, na uandike kwa sentensi moja itaelekea wapi, na upande gani uliokufanya ujue.